Lango la Nyuma la Ulyankulu

Mwanzoni mwa Agosti 1871 Waarabu wa Tabora walikuwa wamechoshwa na Mirambo. Mtemi huyo, aliyeziunganisha Uyowa na Ulyankulu mkononi mwake, alikuwa ameifunga njia ya misafara iendayo Ujiji na kudai hongo kubwa kuliko wafanyabiashara walivyozoea kutoa. Wakakusanya jeshi. Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti aliyekuwa njiani kumtafuta Livingstone, akajiunga nao akiamini kazi ingekwisha kwa siku chache. Kikosi kimoja, chini ya kijana Soud, mwana wa Said bin Majid, kikapelekwa Ulyankulu. Boma likavunjwa. Ukihesabu kwa hesabu ya kawaida, siku ile Mirambo alishindwa: mji umeingiliwa, pembe zimebebwa, vitambaa vimebebwa, watu wametekwa.

Lakini boma lile lilikuwa na lango la nyuma. Soud na watu wake walipokuwa wanamiminika kwa mbele, Mirambo alikuwa anatoka kwa nyuma na askari wake, na alijua jambo ambalo washindi hawakulifikiria: watarudi kwa njia ileile, nao watakuwa wamelemewa. Akajilaza na watu wake majanini, huku na huku ya njia. Msafara ukaja, kila mtu na mzigo wake. Soud na Waarabu wenzake waliuawa wote. Kabla mwezi haujaisha Mirambo alikuwa kwenye viunga vya Tabora yenyewe, Khamis bin Abdallah, mmoja wa vigogo wa mji, alikuwa maiti, na Stanley alikuwa amejifungia Kwihara, jirani na mji, akitoboa matundu ya bunduki kwenye kuta za nyumba.

Habari hii tunayo kwa kalamu ya Stanley, na Stanley hakuwa mtu wa kupunguza chumvi. Hata hivyo kiini chake hakina shaka, na kila ninapokutana na wanasiasa wa chama kilichoangushwa kwenye uchaguzi natamani kuwapeleka Ulyankulu kwa basi la asubuhi kutoka Tabora. Nitawalipia nauli. Kwa sababu asubuhi ya matokeo wao huuliza: nani katusaliti? Nani ajiuzulu? Nani tumchukue kutoka kwa wenzetu ili safari ijayo tushinde? Mirambo, nadhani, aliuliza neno dogo zaidi akiwa pale majanini: nimetoka na nani?

Katika chama cha siasa, swali hilo jibu lake limo kwenye daftari la tawi.

Nililiona moja Ulyankulu. Lilikuwa kaunta buku la kurasa nyingi, gamba lake limeshikwa kwa gundi ya karatasi, limefungwa ndani ya mfuko wa mbolea na kuning'inizwa kwenye boriti ya nyumba ili mchwa wasilifikie. Mwenye nalo ni mzee aliyefika Tanzania akiwa mtoto mgongoni mwa mama yake, mwaka 1972, wakati Wahutu wa Burundi walipokimbia mauaji na serikali ya Nyerere ikawapa msitu wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo wafyeke na kulima. Alikua mkimbizi, akaoa mkimbizi, akazaa wakimbizi. Kisha serikali ikakubali kuwapa uraia watu kama 162,000 wa makazi hayo, na kuanzia Oktoba 2014 vyeti vikaanza kugawiwa. Mwaka uliofuata alipiga kura kwa mara ya kwanza maishani, akiwa na wajukuu.

"Mwangaluka, mzee."

"Mwangaluka. Karibu ukae, mwanangu. Hicho kigoda kina mguu mbovu, egemea huku."

Alijiunga na chama cha upinzani mwaka huohuo wa kura yake ya kwanza. Hakunieleza kwa nini, na sikumsukuma. Mtu aliyeishi zaidi ya miaka arobaini bila kura ana haki ya kuitumia bila kutoa maelezo. Akachaguliwa katibu wa tawi kwa sababu ana mwandiko mzuri. Kurasa kumi na moja za mwanzo zimejaa majina: jina, kijiji, namba ya kadi, ada. Baada ya hapo ukurasa mweupe. Halafu mweupe tena. Kwenye kurasa zile kumi na moja, majina mengi yamepigwa mstari kwa rula, na pembeni kuna neno moja moja kwa herufi ndogo: *amehama*. *Marehemu*. *Kijani*, yaani amehamia chama tawala. Na kuna neno ambalo nimelihesabu mara nyingi kuliko yote, ambalo sijawahi kulisikia kwenye mkutano wowote wa waandishi wa habari makao makuu: *kachoka*.

Nikamuuliza kama makao makuu wanalijua daftari hili. Akacheka. Mara ya mwisho alipopigiwa simu, alisema, ilikuwa wiki mbili kabla ya uchaguzi, wanataka majina ya mawakala. Akawapelekea. Mawakala hawakupata nauli wala chai. Mmoja aliondoka kituoni saa sita mchana kwenda kutafuta chakula, na aliporudi masanduku yalikuwa yanafungwa. Baada ya uchaguzi simu haikulia tena. Jina la chama silitaji, maana hadithi hii ningeweza kuisikia kutoka kwa katibu wa tawi wa chama chochote cha upinzani kuanzia Tunduru hadi Karagwe, na mwaka ambao chama tawala kitaangushwa, makatibu wake nao watanisimulia hiyohiyo.

Ulyankulu ina faida moja kwa mtu anayeandika sura kama hii: ni jirani wa jambo lililowezekana. Jimbo la Ulyankulu liliundwa mwaka 2015, ndani ya Wilaya ya Kaliua. Siku ileile ya Oktoba 25, 2015, katika wilaya ileile, majimbo mawili yaliyopakana yalitoa majibu mawili. Ulyankulu ikamchagua John Kadutu wa CCM. Kaliua ikamwangusha Profesa Juma Kapuya, waziri wa miaka mingi, ikampa ubunge Magdalena Sakaya wa CUF. Sakaya hakuteremshwa na helikopta wiki ya mwisho. Alikuwa tayari amekaa bungeni kwa viti maalumu, na jina lake lilikuwa limezoeleka Kaliua kabla karatasi za kura hazijachapwa. Sisemi hiyo ndiyo sababu pekee. Upepo wa Ukawa, muungano wa vyama vya upinzani, ulivuma mwaka ule nchi nzima, ukayaangusha majimbo ambayo hayakuwa na Sakaya. Lakini upepo huohuo ulipita Ulyankulu na mti haukuanguka.

Na upepo ukishapita? Sakaya alibaki upande wa Profesa Lipumba, nitakayemrudia, CUF ilipopasuka, na 2020 Kaliua ikarudi CCM. Ulyankulu nayo, mwaka huohuo, ikapata mbunge wa CCM, Rehema Migilla, aliyekuwa bungeni kabla ya hapo kwa tiketi ya viti maalumu ya CUF. Soma tena sentensi hiyo. Chama kilichoshindwa Ulyankulu mwaka 2015 kilimlea bungeni mtu ambaye mshindani wake alikuja kumtumia kushinda Ulyankulu. Simlaumu mtu kuhama. Siasa si ndoa ya kanisani. Ninachosema ni kwamba chama kisichojua kilicho nacho, wenzake wanajua.

Historia ya vyama vyetu tangu mfumo wa vyama vingi urudi mwaka 1992 ni historia ya watu wanaorithi umati na kuudhani ni chama. Mwaka 1995 Augustine Mrema alitoka CCM na kuingia NCCR-Mageuzi, na kijana yeyote wa wakati ule anakumbuka jinsi gari lake lilivyosukumwa kwa mikono. Alipata asilimia 27.77 ya kura za urais. Ilikuwa ni kushindwa, ndiyo, lakini kushindwa kwa namna ambayo chama chenye akili kingekaa chini na kuchekelea: zaidi ya robo ya wapiga kura, wabunge wa kuchaguliwa zaidi ya kumi na tano, na miaka mitano ya kupanga. Badala yake viongozi wakagombana. Kundi la Mrema na kundi la Mabere Marando wakavutana kuanzia 1997, mahakamani na mikutanoni, mpaka Mrema akafungasha kwenda TLP mwaka 1999. Mwaka 2000 NCCR ikaambulia kiti kimoja cha jimbo. Mrema mwenyewe, na chama kipya, akapata asilimia 7.8; mwaka 2005 hakufikisha hata asilimia moja. Kura zile za 1995 hazikuibwa na mtu. Zilikosa pa kulala.

Mtoto wa Tabora ana sura yake katika kitabu hiki, na sitamruka kwa sababu tuko nyumbani kwao. Profesa Ibrahim Lipumba, mzaliwa wa Ilolangulu, aligombea urais kwa CUF 1995, 2000, 2005 na 2010. Asilimia 6, kisha 16, kisha karibu 12, kisha 8. Agosti 2015, Edward Lowassa alipoletwa Ukawa kuwa mgombea, Lipumba alijiuzulu uenyekiti. Mwaka uliofuata akaandika barua ya kufuta kujiuzulu kwake, Msajili wa Vyama akamtambua, na chama kikawa na vichwa viwili: Lipumba Buguruni, Maalim Seif Sharif Hamad Zanzibar. Machi 18, 2019 Mahakama Kuu ikatoa hukumu iliyompa Lipumba ushindi. Jina, mhuri, ofisi na ruzuku vikabaki kwake.

Siku hiyohiyo Maalim Seif akatangaza kuhamia ACT-Wazalendo: shusha tanga, pandisha tanga, safari iendelee. Unguja na Pemba watu wakapanda kwenye mabaraza na ofisi za matawi, wakafuta rangi za CUF, wakapaka zambarau. Nimewahi kumsikia mwanasiasa mmoja wa Bara akilicheka jambo lile kama ushabiki wa visiwani. Hakuona alichokuwa akitazama. Ile ilikuwa ni picha ya chama kinachotoka kwa lango la nyuma kikiwa kizima: wenye boma wakaingia, wakakuta kuta. Mwaka 2020, pamoja na yote yaliyofanyika katika uchaguzi ule, ACT ilipata majimbo manne Pemba. Lipumba, na jina lake lililoshinda mahakamani, alipata kura 72,885 za urais nchi nzima. Chini ya nusu ya asilimia moja.

Kwa nini Pemba iliweza na NCCR haikuweza? Kwa sababu CUF ya Zanzibar ilikuwa imeshindwa mara nyingi, na kila iliposhindwa ilirudi barazani. Mwaka 1995, katika urais wa Zanzibar, tofauti ya Salmin Amour wa CCM na Seif ilitangazwa kuwa kura chache zaidi ya elfu moja na nusu. Januari 2001 damu ikamwagika, waandamanaji wa CUF walipopigwa risasi. Watu walioishi hayo wakikutana kila jioni kwenye baraza moja kwa miaka ishirini hawahitaji katiba ya chama kuwaambia wao ni nani. Sitamani mtu yeyote ajenge chama kwa njia hiyo. Lakini kuna baraza zinazojengwa bila risasi, na ndizo zinazokosekana.

Chadema iliwahi kuzijenga. Mwaka 2005 Freeman Mbowe alipata asilimia 5.88 na chama kikatoka na majimbo matano. Hali ya kufa, mtu angesema. Miaka mitano iliyofuata naitazama kama mfano bora tulio nao Bara wa chama kilichoshindwa na kikajua la kufanya. Kwanza, wabunge wale wachache walifanya kazi ya wabunge. Zitto Kabwe alisimamishwa bungeni Agosti 2007 kwa sakata la mkataba wa mgodi wa Buzwagi, na kusimamishwa kule kukamtangaza kuliko mabango. Septemba 15 mwaka huohuo Dk. Willibrod Slaa akasimama Mwembeyanga, Temeke, na kusoma orodha ya watu aliowatuhumu kwa ufisadi. Washindi wa 2005, walioingia na asilimia 80, walikuwa wanarudi njiani na pembe zao, kama kikosi cha Soud. Chadema ilikuwa majanini. Pili, na hili halikuandikwa sana magazetini, chama kilituma vijana vijijini kwa kile walichokiita Operesheni Sangara, kufungua matawi mahali ambapo bendera yao haikuwahi kupepea. Mwaka 2010 Slaa akapata asilimia 27, na majimbo yakawa 23.

Halafu, hapahapa mkoani Tabora, chama hicho kikaonyesha pia mpaka wa mbinu yake. Rostam Aziz alijiuzulu ubunge wa Igunga mwaka 2011. Uchaguzi mdogo wa Oktoba 2 ukawa vita: helikopta angani, makada wa kila rangi wamelala kwenye nyumba za wageni mpaka wenye nyumba wakapandisha bei. Dk. Dalaly Kafumu wa CCM akapata 26,484. Joseph Kashindye wa Chadema 23,260. CUF, iliyokuwa mpinzani mkuu pale mwaka mmoja tu kabla, ikaporomoka hadi 2,104. Chadema ikapanda kutoka karibu na sifuri, na kwenye vijiwe vya Dar es Salaam watu wakaanza kusema Tabora imekwisha.

Mimi huwa naitazama namba nyingine ya Igunga. Walioandikishwa walikuwa zaidi ya 170,000. Waliojitokeza hawakufika theluthi moja. Zile kelele zote, zile ndege, zile fulana, na zaidi ya watu laki moja walibaki majumbani mwao. Kesi ikafunguliwa, Mahakama Kuu ikatengua matokeo mwaka 2012, Mahakama ya Rufani ikamrudishia Kafumu kiti chake mwaka uliofuata, na 2015 Kafumu akashinda tena. Miaka minne ilikuwepo kati ya uchaguzi mdogo na mkuu. Chama kilichokosa kiti kwa kura elfu tatu na ushee kilikuwa na watu laki moja wa kuwatembelea, nyumba kwa nyumba, na kuwauliza swali moja: siku ile ulikuwa wapi?

Swali hilo Tabora lina jibu la msimu, nami nimeshangaa kwamba halimo katika mipango ya kampeni. Uchaguzi wetu huwa mwisho wa Oktoba. Mwezi huo mkulima wa tumbaku wa Ulyankulu yuko kitaluni, anamwagilia miche asubuhi na jioni, anaandaa matuta, anasubiri mvua ya kwanza ili ahamishe. Hana nafasi ya kukusikiliza, na akikusikiliza hana hasira. Mbolea ya mkopo ndiyo kwanza imefika na matumaini ni bure. Mtafute mtu huyohuyo mwezi Mei au Juni. Ameshavuna, amekesha na moto wa bani usiku kwa usiku, maana moto ukizidi jani linaungua na ukipungua linaoza. Amefunga marobota yake, ameyapeleka kwenye ghala la chama cha msingi, na sasa amekaa chini ya mwembe anamsubiri mteuzi apite, ashike jani, alitaje daraja. Bei imepangwa kwa dola. Deni la mbolea linakatwa hukohuko juu kabla hajaona shilingi. Daraja likishuka kwa herufi moja, ada ya shule ya mtoto imeondoka. Siku hizo watu mamia wamekaa pamoja mahali pamoja, wana muda, wana machungu, wana hesabu kichwani. Na hakuna mwanasiasa hata mmoja anayeonekana, kwa sababu si mwaka wa uchaguzi.

Chama kilichoshindwa kikinipa nafasi ya kukishauri jambo moja tu kwa Tabora, ningesema: wapelekeni vijana wenu masokoni Mei, wasivae fulana, wajifunze madaraja ya tumbaku mpaka waweze kubishana na mteuzi. Mengine yatafuata.

Najua kinachosemwa hapa. Matawi gani, unaniambia, wakati mikutano ya hadhara ilizuiwa kuanzia 2016 mpaka Januari 2023? Uchaguzi gani, wakati ule wa Oktoba 29, 2025 ulifanyika Chadema ikiwa imezuiwa kushiriki na mwenyekiti wake Tundu Lissu akiwa mahabusu kwa shtaka la uhaini, Rais Samia Suluhu Hassan akatangazwa mshindi kwa asilimia 97.66, na watu wakauawa barabarani? Kumwambia aliyenyang'anywa "jipange upya" ni tusi. Nakubali. Kushindwa na kunyimwa ni mambo mawili, na kitabu kinachoyachanganya hakifai kusomwa.

Lakini aliyenyimwa ndiye anayehitaji tawi kuliko wote. Chama cha NPP cha Ghana kilisema kiliibiwa uchaguzi wa rais wa Novemba 1992. Kikasusia uchaguzi wa wabunge wa Desemba na kuchapa kitabu kizima cha malalamiko. Wakajikuta na bunge lisilo na mtu wao hata mmoja. Baada ya hapo walifanya kazi ya kuchosha, isiyo na picha za kupendeza: wakakaa na tume na vyama vingine mezani kudai masanduku ya kuona ndani na vitambulisho vya picha, wakafundisha mawakala. Wakashindwa tena 1996. Desemba 2000 John Kufuor akashinda. Malawi nako, majaji waliofuta uchaguzi wa rais Februari 2020 walionyeshwa fomu za matokeo zilizofutwafutwa kwa wino mweupe, na chama kilichonufaika, MCP, kilikuwa nje ya Ikulu tangu 1994. Sisi Katiba yetu haimruhusu mtu kupeleka matokeo ya urais mahakamani, ndiyo. Matokeo ya ubunge na udiwani yanaruhusiwa. Na fomu ya kituo haiwi ushahidi wa kitu chochote ikiwa wakala wako alikuwa ameenda kutafuta chakula.

Swali la kususia, kwa bahati, mji wa Tabora ulishalijadili kuliko mji mwingine wowote nchini. Januari 1958 TANU ilikutana pale kuamua kama iingie kwenye uchaguzi wa kura tatu, ambamo kila mpiga kura alilazimishwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Sheria ilikuwa ya dhuluma na kila mjumbe aliijua hivyo. Wengi walitaka kugoma. Nyerere, aliyesoma na kufundisha katika mji huohuo, akawageuza: tuingie. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka na kuunda ANC. Wagombea walioungwa mkono na TANU wakavuna viti, chama cha UTP kilichopendwa na serikali ya kikoloni kikafa, na mwaka 1962 Mtemvu alipogombea urais dhidi ya Nyerere alipata kura 21,276, Nyerere zaidi ya milioni moja na laki moja.

Wanaopenda kushiriki kila uchaguzi huitumia hadithi hii kama rungu, nami nadhani wanaisoma nusu. TANU iliweza kuingia kwenye sheria mbovu na kutoka nayo salama kwa kuwa ilikuwa na watu wa kadi kila wilaya, waliopita usiku wakiwaelekeza wapiga kura ni Mzungu yupi na Mhindi yupi wa kumpa kura. Chama chenye matawi kinaweza kushiriki, na kinaweza kususia, na serikali ikahisi vyote viwili. Kisicho nayo, kikishiriki ni takwimu, kikisusia ni taarifa kwa vyombo vya habari.

Nirudi kwa Mirambo, maana nilimwacha kwenye viunga vya Tabora akiwa shujaa. Aliendelea kushinda kwa miaka kumi na tatu. Alizikusanya temi nyingi za Unyamwezi chini yake, wamisionari wakamwandikia barua, wafalme wakamtumia wajumbe. Desemba 2, 1884 akafa kwa maradhi. Ndugu yake Mpandashalo akashika kiti, na katika miaka michache dola lile likarudi kuwa vipande alivyovikuta. Rugaruga, askari wake, walikuwa wake: walimfuata yeye, walikula kwake, na walipomzika hawakuwa na sababu ya kubaki pamoja. Huyu ndiye mtu aliyejua kuliko wote namna ya kutoka kwa lango la nyuma na kurudi, na hakumwachia mtu mwingine ujuzi huo. Kila ninapoona chama kinaenda kuazima kigogo, Mrema 1995, Lowassa aliyepata asilimia 39.97 mwaka 2015 na kurudi zake CCM Machi 2019, nakumbuka kwamba vigogo wana tabia ya kuondoka, kwa miguu au kwa jeneza.

Mzee wa Ulyankulu hakuwa na habari na haya yote, au alikuwa nayo na hakuona haja. Nilikuwa bado nanakili yale maneno ya pembeni kwenye daftari lake mama mmoja alipoingia uani, kitenge kimefungwa kifuani, mkononi karatasi iliyokunjwa mara nyingi mpaka imechanika kwenye mikunjo. Robota lake moja lilipokelewa ghalani, halimo kwenye malipo. Ameenda mara tatu, ameambiwa arudi.

"Wewe ni wa chama?" nikamuuliza, kwa ujinga.

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kabila. "Mimi ni wa hapo ng'ambo ya kisima."

Mzee akaisoma ile karatasi kwa kuisogeza mbali na macho. Akaniomba nimwangalizie mbuzi wasiingie ndani, akatoa baiskeli, akampakia yule mama nyuma, wakashika njia ya ghala. Nilikaa pale na kigoda cha mguu mbovu mpaka saa tisa. Aliporudi alikuwa peke yake, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akanawa, akafungua kaunta buku, akavuka kurasa kumi na moja za majina, akafika kwenye ule ukurasa mweupe wa kwanza. Nilisogea nione jina. Hakuandika jina. Aliandika namba ya robota na kilo zake.